Maharagwe ya Mpakani

Shiro wa Moffat alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiogopa, hucheka. Alicheka siku ya mtihani wa darasa la nane mpaka msimamizi akamtoa nje akanywe maji. Alicheka alipokutana na nyoka kwenye majani chai. Alicheka, Mungu amsamehe, kwenye mazishi ya mwalimu mkuu, na si kwa ubaya, ila jeneza lilikuwa limeinama upande naye akaogopa lisianguke. Lakini Jumatano hiyo aliposhuka Mukurweini, shela ikiwa ndani ya mfuko na harusi yake ikiwa Jumamosi, hakuwa anacheka. Alikuwa anaimba. Alimwimbia kijana wa boda boda njia nzima, kupanda na kuteremka, na yule kijana naye akawa anaitikia kiitikio cha wimbo asioujua.

"Bibi arusi ni wewe?" akauliza alipopata nafasi.

"Ni mimi! Na ukiniangusha kwa matope na hii shela, utanioa wewe!"

Kwa wasiojua huku kwetu, tandaza mkono wako juu ya meza na uachanishe vidole. Kila kidole ni mgongo wa ardhi, na kila uwazi ni mto unaotoka Nyandarua ukikimbilia Sagana. Watu wanakaa juu ya vidole. Kule chini kwenye uwazi ni nduma, ndizi na vyura. Jirani wa mgongo wa pili unamwona vizuri akipepeta mahindi, mnasalimiana kwa kupiga kelele, lakini kumfikia ni nusu saa ya kuteremka na nusu saa ya kutubu dhambi ukipanda. Uzuri wake ni kwamba hakuna haja ya kugombania mpaka, maana mpaka ni mto, na mto haupokei hongo.

Taabu iko pale vidole vinapoungana na kiganja. Kiamuhia kwa kina Shiro na Ithare kwa kina Mutahi, bwana arusi, ni vidole viwili vinavyokutana juu kwenye uwanja wa kanisa, na pale hakuna mto. Kijito kinaanzia chini kidogo, kwenye chemchemi. Zamani za Imajensi, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya Mzungu iliwaswaga watu wote wa migongo hiyo miwili ikawasukumia kwenye uwanja huo, ikawajengesha kijiji na kukizungushia mtaro. Ilipokwisha, kila mtu akarudi mgongoni kwake, mashamba yakapimwa upya, na uwanja ukabaki wa kanisa, mpira na harusi.

Na hapo ndipo Shiro alipofanya mambo yake.

Shiro alikuwa msimamizi kwenye shamba la maua huko Timau. Miaka minane amekuwa akiyakata, akiyapanga, akiyatia kwenye maboksi yaende Ulaya. Mwezi Machi alipewa likizo ya wiki moja, akaja kuukagua uwanja wa harusi yake. Upande wa juu, kwenye nyasi zilizomfika kiunoni, akakuta mimea yenye majani marefu kama panga, na chini yake vitunguu vikubwa kupita kiasi. Mimi mtaalamu, akajiambia, niache vitu vizuri hivi vikanyagwe na watu wa mahema? Akachukua jembe. Siku mbili, peke yake, akiimba, aking'oa, akahesabu arobaini na moja. Akanunua kamba huko Nyeri mjini, dukani kwa Govind wa vyuma, akapima, akapanda safu mbili nzuri kutoka langoni zikipinda kwa madaha hadi mahali pa meza kuu. Mwisho akaweka duara la kupigia picha. Kila mmea akaupa samadi ya ng'ombe ya baba yake, ndoo nusu.

Na mashimo aliyoyaacha kule juu? Wee! Mtu wa Nyeri auache udongo uliolimwa ukae bure? Hata usingizi hangepata. Alikuwa na maharagwe ya mwitemania kwenye mfuko wa aproni, ya kutoka gunia la nyanya yake mzaa baba, basi akatia mbegu tatu kila shimo, akafukia, akarudi Timau. Mvua ikanyesha. Akasahau.

Sasa amefika nyumbani na shela yake, anamkuta baba yake, mzee Moffat, amekaa kwenye ndoo ya maziwa iliyopinduliwa, uso umekunjamana kama gunia tupu.

"Shiro, kuja hapa. Hii harusi iko na maneno."

"Maneno gani, baba? Keki?"

"Ingekuwa keki!"

Kumbe kaunti ilikuwa imeandika barua. Kila kijiji kitapewa kibao kizuri cha chuma barabarani, chenye jina lake na mwaka watu walipohamia. Kiamuhia wakaandika 1890. Ithare wakasikia, wakaandika 1885. Kiamuhia wakakumbuka babu mwingine, wakaandika 1860. Ukawa mnada wa kurudi nyuma! Ithare 1840, Kiamuhia 1815, mpaka Alhamisi moja jioni Ithare wakatangaza 1720, mwaka ambao pale juu palikuwa na tembo na nyani peke yao. Hapo mafundi wa kaunti wakaja kuchimba shimo la kibao cha Kiamuhia karibu na lango la uwanja, na Ithare wakalifukia. Kiamuhia wakachimba tena. Ithare wakapanda ndizi ndani yake.

"Na mzee Ngugi amesemaje?" Shiro akauliza. Ngugi alikuwa babu yake Mutahi, na kwa Ithare neno lake ndilo lililofunga mlango.

"Amesema hawachukui msichana kwa watu wanawaibia uwanja. Ati kwanza mpaka, halafu keki."

"Na wewe ulimjibu nini, baba?"

Moffat akatazama ng'ombe. "Nilimwambia pia mimi sipeani mtoto kwa watu hawajui mahali walianzia."

"Baba!"

"Nilikuwa na hasira! Lakini tumeelewana. Kesho wazee watatembea mpaka na mpimaji. Wakikubaliana, Jumamosi ni harusi. Wasipokubaliana..." Mzee alikuwa amekwisha kuchagua fahali wa harusi, na usiku alikuwa akijaribu suti yake mbele ya kioo akidhani hakuna anayemwona.

Basi Alhamisi asubuhi wazee kumi na mmoja wakajaa sebuleni kwa Moffat, Kiamuhia upande wa kabati, Ithare upande wa dirisha. Mzee Ngugi, miaka themanini na nne, alikuwa na koti lake zito na kofia ya manyoya asiyoivua hata kanisani. Mlangoni aliketi nyanya yake Shiro, cucu Gathoni, ambaye hakualikwa na mtu ila alisikia kutachinjwa kondoo. Mpimaji alikuwa kijana mwembamba aitwaye Sagar, kabeba fimbo ndefu yenye kitu kama sufuria kichwani, ya kuongea na setilaiti.

"Huyu si wa Govind wa vyuma?" Ngugi akauliza.

"Mjukuu, guka," Sagar akajibu, akimwita babu kwa lugha yake, kisha akaendelea kuwaamkua wazee wote kwa Kigikuyu safi kuliko cha Shiro. Wazee wakafurahi, wakamwongezea mkate.

"Sasa wazee," akasema, "ramani ya hamsini na tisa iko na mashamba yenu yote, lakini hapa juu imeandika uwanja tu. Hakuna mstari. Nyinyi mnajuaje mpaka?"

"Haukuandikwa," Ngugi akasema. "Ulipandwa. Ni itoka."

Shiro alikuwa amesimama na birika. "Itoka ni nini hasa, guka?" akauliza kwa heshima. Jina alikuwa amelisikia, lakini sura yake hakuijua. Kule Timau mpaka ni waya wa stima.

"Ah, hii watoto ya siku hizi," Ngugi akasikitika. "Itoka ni ua. Iko na majani marefu kama panga, na chini kitunguu kama kichwa ya mtoto. Ukikata, inaota. Ukichoma, inaota. Watu wa Kiamuhia walikuja kutoka upande wa Kiriaini wakilima msitu, sisi tukakuja nyuma yao..."

"Ahaa! Nyuma!" Moffat akadakia.

"...nyuma kidogo tu! Siku moja au mbili! Tukakutana hapo juu. Wazee wakachinja kondoo, wakapanda itoka moja moja, kutoka kwa ile mwamba mpaka chemchemi. Tangu hiyo siku hakuna mtu amegusa. Hata Imajensi, nyumba zilijengwa kando kando yake, hakuna aliyegusa."

"Na mtu akigusa?" Shiro akauliza, sauti imekuwa nyembamba kama uzi.

Wazee wakacheka. "Msichana," Ngugi akasema, "hakuna mtu mjinga namna hiyo."

Shiro akacheka pia. Akacheka mpaka chai ikamwagikia soksi za mzee mmoja. Akaomba radhi, akakimbilia nyuma ya zizi, akampigia simu Mutahi, ambaye ni daktari wa ng'ombe.

"Ongea haraka, mpenzi, mkono moja iko ndani ya ng'ombe."

"Mutahi, niling'oa mpaka."

"Uling'oa nini?"

"Mpaka! Wa babu zetu! Nikaupanda pale kwa meza kuu!" Akamweleza yote, akicheka na kulia kwa zamu.

Ng'ombe akalia. "Zote?" Mutahi akauliza.

"Arobaini na moja."

"Shiro, nakupenda sana. Usiseme kitu. Nakuja."

Lakini ng'ombe hazai kwa haraka ya mtu, na wazee hawakungoja. Walipofika langoni, hee! Mvua ilikuwa imefanya kazi yake na samadi yake. Maua yote yalikuwa yamefumka, meupe yenye mstari wa waridi, yamesimama pande mbili za njia kama kwaya. Ngugi akasimama. Na kofia ya manyoya, ile isiyovuliwa, ikavuliwa.

"Ngai! Miaka yangu yote sijaona zikichanua hivi."

"Zimenona," Moffat akasema kwa sauti ya ibada.

Shiro aliyekuwa nyuma yao, roho mkononi, akajikuta anavimba kichwa kidogo. Nusu ndoo kila mmoja, jamani. Kazi ni kazi.

"Lakini mbona ni safu mbili?" Sagar akauliza.

Wazee wakatazamana. "Moja yao, moja yetu," Ngugi akaamua palepale, na kila mtu akasema eee, bila shaka, ilikuwa hivyo; mwamba na chemchemi hakuna aliyevikumbuka.

Wakaanza kutembea, Sagar mbele na fimbo yake. Njia ilipopinda kwa yale madaha ya Shiro, wazee wakapinda nayo. "Hapa babu zetu walikwepa mzinga wa nyuki," akasema mmoja. "Si nyuki, ni nyati," akasema mwingine, na tayari kulikuwa na jina la yule aliyekimbizwa na nyati na nyimbo alizoimbiwa. Wakafika kwenye duara la picha. Wakalizunguka mara moja. Wakalizunguka mara ya pili. Shiro akajiziba mdomo kwa leso.

Sagar akatazama kioo chake, akajikuna shingo. "Wazee, mpaka umezunguka umerudi kwa mpaka. Kwa ramani unakaa kama mwiko."

Ngugi akagonga bakora chini. "Hapa ndipo walikaa wakakunywa pombe baada ya kupanda. Ndiyo sababu ni duara. Hapa ndani ni pa wote!"

"Pa wote!" Moffat akaitikia. Na ghafla kila kitu kikawa rahisi. Kwa mpaka huo wa mwiko, Kiamuhia walipata vyoo vipya vya kanisa, Ithare wakapata magoli yote mawili ya mpira, na hakuna aliyejua nani amemshinda nani. Ngugi akamnyoshea Moffat mkono. Moffat akacheka, mara ya kwanza kwa mwezi mzima. Shiro alitaka kuruka juu. Imekwisha! Nyamaza tu, Shiro, nyamaza siku mbili, uolewe, uzae, uzeeke, ufe na siri hii!

"Leteni kondoo," Ngugi akasema. "Tuape."

Kiapo chenyewe kilikuwa kifupi. Kiongozi wa kila upande anapiga magoti, anashika itoka, anasema: hii ndiyo itoka ya baba zetu, na kama nadanganya, shamba linikatae. Moffat akawa wa kwanza. Akashuka polepole, goti moja, la pili, lile bovu, akiuma meno. Huyo ni mtu ambaye mpimaji wa maziwa akikosea kumwongezea hata kikombe, humwambia apime tena. Akatandaza mkono wake mkubwa juu ya ua ambalo binti yake alilipanda kwa kamba ya Govind ili picha itoke vizuri. Akafungua kinywa.

"Baba, usiape!"

Wote wakageuka. Shiro alikuwa amesimama katikati ya duara, machozi yanamtiririka na kicheko kinamtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka.

"Hiyo si itoka ya mpaka! Ni ya mpaka, lakini mpaka hauko hapa! Niling'oa mimi. Mwezi wa tatu. Sikujua! Nilidhani ni maua tu, nikapanda hapa ya harusi. Hakuna nyuki, hakuna nyati, ni mimi!"

Moffat alibaki magotini, mkono juu ya ua, hajui aurudishe au auache.

"Wewe ndiye uling'oa," Ngugi akasema taratibu.

"Ndiyo, guka."

"Sababu ya picha."

"Ndiyo, guka." Kicheko kikamponyoka tena.

"Na unacheka."

"Naogopa, guka!"

Mzee akairudisha kofia yake kichwani, akaivuta hadi kwenye masikio. "Basi hakuna mpaka. Na mimi nilisema: hakuna mpaka, hakuna keki. Sitarudi kwa neno langu." Akageuka kuondoka, na Ithare wote wakageuka naye. Wakati huohuo Mutahi akaingia mbio langoni, gambuti miguuni, mkono mmoja umekauka kamasi hadi begani.

"Guka, ngoja, niko na neno..."

"Wewe nyamaza, unanuka ng'ombe."

Jumamosi ya Shiro, na shela, na Mutahi wake mwenye mkono mchafu, vyote vilikuwa vinaondoka na koti lile zito. Na kicheko chenyewe kikakatika.

Sagar ndiye aliyeongea. "Ngojeni kidogo. Mahali zilitoka, si kulibaki alama? Uliacha mashimo?"

Swali hilo lilimwudhi Shiro hata katika huzuni yake. "Niache mashimo wazi? Mimi? Nilipanda maharagwe!"

Ngugi akasimama.

"Maharagwe gani?" cucu Gathoni akauliza kutoka nyuma.

"Mwitemania, cucu."

"Kwa hivyo ni wewe uliniibia mbegu! Mimi nimekuwa nikilaani panya mwezi mzima!"

Hapo hakuna aliyengoja amri. Walikwea uwanja wote, wazee na bakora zao, wakipasua nyasi kwa mikono. Maharagwe yalikuwepo. Kichaka hiki, hatua moja, kichaka kile, yameanza kutoa maua madogo, yamenyooka kutoka mwamba hadi chemchemi bila kupinda hata kidogo. Sagar akawa anachomeka vigingi huku akipiga miluzi kwa furaha. Alipomaliza akasoma kioo chake, akakohoa kwa adabu: Kiamuhia walikuwa wamedai hatua arobaini zaidi ya haki yao, na Ithare sitini. Wazee ghafla wakapata mambo mengi ya kutazama angani.

"Lakini hapa katikati kumekosekana," Sagar akasema. "Ishirini upande huu, ishirini na moja ule, na katikati pengo, hatua nne. Uliruka?"

"Sikuruka," Shiro akasema. "Hapo hapakuwa na kitu. Nilipiga jembe likarudi, udongo mgumu kama barabara."

"Ni mgumu kwa sababu ni barabara," akasema cucu Gathoni. Alikuwa amefika akihema, amemshika Mutahi ule mkono safi. Akaliingia pengo, akasimama, akaangalia miguu yake mwenyewe. "Hapa ndipo nilipitia."

"Ulipitia wapi, mama?" Moffat akauliza.

"Kuolewa! Hamsini na saba. Si mnajua mimi ni wa Ithare? Tulikuwa tumefungiwa wote hapa ndani ya mtaro, Ithare huko, Kiamuhia huku. Nyumba ya mama yangu na ya baba yako ilikuwa hatua kumi na nane. Mimi nilitaka kuruka itoka, niingie, kwisha. Mama mkwe akasema ng'o! Bibi arusi haruki mpaka kama mbuzi. Nikazungushwa kijiji kizima, na mlinzi akitufuata ati tunapanga kutoroka, akituhesabu kila mara, nikapitishwa hapa. Wale waliopanda waliacha hii mlango. Walisema tukifunga yote, watoto wetu wataoa wapi?"

Nyasi zikavuma. Wazee wakainama kuitazama ile ardhi.

"Mama," Moffat akasema kwa sauti ndogo, "mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza?" Gathoni akawaka. "Mwezi mzima mnapiga kelele, 1815, 1720! Mimi nilikuwa hapa kwa miguu yangu, na kitu mnaniuliza ni kama nimekunywa uji!"

Ngugi alikuwa amekuja hadi ukingoni mwa pengo. Alilitazama kwa muda mrefu, na kofia ikavuliwa tena, mara ya pili siku moja, jambo ambalo Ithare wanalisimulia hadi leo. Mamake mzazi, akakumbuka kwa sauti, alikuwa wa Kiamuhia. Kama mlango ungekuwa umefungwa, yeye Ngugi angetoka wapi?

"Mpaka uko," akasema. Akapangusa macho kwa kofia. "Shiro."

"Naam, guka."

"Utarudisha zote, kwa mikono yako, na huyu wako anayenuka akusaidie. Kesho jua lisizame kabla hamjamaliza. Hiyo ndiyo faini. Na Jumamosi hutapitia lango ya kanisa. Unasikia?"

"Nasikia, guka. Na maharagwe?"

"Yaachwe. Hayo ni mashahidi."

Kondoo hakuapiwa tena, aliliwa tu, na cucu Gathoni akapewa mguu. Ijumaa Shiro na Mutahi walipanda itoka arobaini na moja wakirushiana matope kama watoto. Sagar alirudi ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha, akawashikia kamba. Babu yake, akawaambia, alipofika Nyeri alipimiwa ploti futi hamsini kwa mia, na alama zilikuwa vyuma vinne kwenye pembe. "Hakuna mtu alikumbuka kuacha mlango," akasema, na Shiro akamwambia Jumamosi asipokuja atamfuata dukani na shela kichwani. Wazee nao wakaandikia kaunti barua moja, sahihi za pande zote mbili: vibao viwekwe kushoto na kulia kwa pengo, na mahali pa mwaka waandike tu "zamani".

Jumamosi jua lilitoka limeoshwa, Mlima Kenya ukaonekana wote upande mmoja na Nyandarua upande wa pili. Kiamuhia walijaa nyuma ya Shiro wakipiga vigelegele. Ithare walijaa mbele, na katikati yao Mutahi, amesuguliwa hadi amewiva. Maua yalikuwa yamesimama kwenye mstari wake, mengine yameinama kidogo kwa uchovu wa kuhamishwa mara mbili, na maharagwe miguuni pake. Shiro akafika penye pengo ameshika mkono wa baba yake. Akasimama.

Watu wote walimjua. Shangazi zake walikwisha kuziba midomo wakisubiri kicheko kile cha kwenye mtihani na mazishi. Mutahi mwenyewe alikuwa ameinua nyusi tayari kucheka naye. Moffat akambana vidole.

"Usiruke," cucu Gathoni akamwambia kutoka nyuma. "Pita."

Chini ya viatu vyake vyeupe udongo ulikuwa mgumu, umeshindiliwa na miguu ya wote waliotangulia. Shiro akapita, na hakucheka hata kidogo.